Tai wa Mgunga wa Kwetu

Jumapili, 9 Juni 1996

Nimefika Kaloleni, Nairobi, jioni hii, vumbi la Sultan Hamud bado liko masikioni. Miguu inauma. Furaha nayo sijui niiweke wapi.

Tumeshinda! Sikutarajia kabisa. Mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule ya msingi, watu wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Kaka yangu Mwanzia ndiye mwenyekiti wa kamati ya ardhi, akakaa mbele amenuna. Hapendi dadake atoke Nairobi kuja kumweleza mambo ya kilima alichozaliwa akikiona.

Lakini na mimi nimezaliwa nikikiona. Klabu ya bunduki imekuwa ikija hapo kila msimu kupiga kanga na kwale. Wakubwa wa mjini, kofia za mbwembwe, mbwa wa kuokota ndege. Hulipa kwa dizeli ya pampu ya maji, na kijiji kilikuwa kimeridhika. Mwaka huu ndipo wakaongeza sharti: yule tai mkubwa wa kwenye mgunga aondolewe, eti anawamalizia kanga wao. Kanga wao!

Mwalimu Rispa alisimama akaongea kama anavyoongea darasani, polepole, akimtazama mtu mmoja mmoja. Akasema jike hutaga yai moja tu, na miaka mingine hatagi kabisa, kwa hiyo ukiua mmoja umeua miaka mingi. Wazee walikuwa wakipiga miayo. Kisha akasema neno lililowageuza: chama chetu cha kulinda ndege ndicho kitakachonunua dizeli.

"Pampu haitanyamaza," alisema. "Kama hamniamini mimi mgeni, mwaminini Muthoki. Huyu ni mtoto wenu."

Mama ndiye aliyeinua mkono wa kwanza. Halafu mikono ikajaa. Mwanzia akainua wake mwisho, nusu nusu.

Kabla ya kurudi tulipanda kilima mimi na Rispa, tukapeana darubini. Jike alikuwa kwenye kiota, kinda mweupe chini yake kama pamba. Kifua cha mama yake kina madoa, macho ya manjano. Alirarua nyama akawa anaweka vipande vidogo mdomoni mwa mtoto, kwa utaratibu ambao huwezi kuutarajia kwa ndege mwenye kucha kama zile. Rispa alinishika mkono akasema, "Hii ni kazi yako, Muthoki wangu."

Miaka tisa tangu aje nyuma ya nyumba hii kumwokoa mwewe aliyenaswa kwenye waya. Sikuwa hata namjua. Mwalimu wa baiolojia kutoka Buruburu, na ngazi ya kuazima, na sketi ya kanisani. Tangu siku hiyo sina rafiki mwingine wa kiasi hicho.

Jumatano, 12 Juni

Ofisini Industrial Area siku nzima, kupiga taipu orodha za mizigo. Rispa alinipigia simu saa ya chakula. Asema wafadhili wamefurahi sana na habari za kilimani, wanataka picha. Nikamuuliza dizeli. Akasema wiki ijayo.

Bwana Otiende, mweka hazina wetu, amesema tufanye sherehe ya chama mwezi Agosti hapa holi ya Kaloleni. Yeye ni mstaafu wa reli, anapenda sherehe zenye viti vya kupangwa. Nimekubali kutafuta vyombo.

Jumamosi, 29 Juni

Nimeshinda kwa Rispa, Buruburu. Nilimsaidia kumlisha bundi mwenye bawa lililofungwa — wanamletea kutoka kila mahali, uani kwake ni hospitali. Mikono yake haitetemeki kamwe. Mimi bado naogopa midomo yao.

Dizeli bado. Wafadhili wanauliza maswali, asema, kwa nini wanunue mafuta ilhali wao ni watu wa ndege. Nikamwambia Mwanzia ananiuliza kila siku ya soko. Akasema nivumilie kidogo, kuna njia nyingine anaitafuta.

Tulipokuwa tukisukuma chapati simu ikalia. Aliongea akinipa mgongo, sauti chini. Nilisikia, "Sawa, Bwana Irungu, Alhamisi basi." Irungu ni katibu wa ile klabu ya bunduki. Namjua kwa jina, nilimwona mara moja kule nyumbani akiwa na mshipi wa risasi kiunoni.

Nilimuuliza moja kwa moja. Hakuficha. Alisema lazima mtu aongee na upande wa pili ajue wanafikiria nini, na kwamba Irungu si mtu mbaya, ni mtu wa kawaida anayependa bunduki. Alicheka. Nami nikacheka. Chapati zilikuwa nzuri.

Alhamisi, 11 Julai

Mwanzia amepiga simu ofisini kutoka dukani kwa Nurto, Sultan Hamud. Hakuniita mwiitu wa mwaitu, mtoto wa mama yetu, kama kawaida. Aliniita Muthoki.

Pampu imenyamaza. Jerikeni ya dizeli niliyotuma na dereva wa lori iliisha upesi. Wanawake wamerudi kuchimba mchanga wa mtoni kutafuta maji. Mama pia. Mwanzia amemkuta njiani na mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na goti lile lake bovu.

Aliniuliza kama mwalimu wangu ana nia au hana. Nikasema anayo. Nilisema kwa sauti kubwa mpaka wenzangu ofisini wakageuka.

Baadaye nilimpigia Rispa. Hayuko shuleni, walisema. Ameomba ruhusa, amesafiri.

Jumapili, 21 Julai

Sijui niandike au nisiandike.

Baada ya ibada nilipita Buruburu kumwona. Nilikuwa karibu na maduka nilipoona Landrova ya kijani ikisimama, ile yenye vizimba vya mbwa nyuma. Naijua. Rispa alishuka mbele, viatu vyake vya safari vimejaa udongo mwekundu. Udongo ule naujua pia. Irungu alimpa begi lake dirishani, wakaagana kwa mikono kama watu waliomaliza kazi.

Nilisimama nyuma ya kibanda cha mwuza magazeti mpaka gari likaondoka. Kwa nini nilijificha mimi? Mimi ndiye niliyekuwa sina la kuficha.

Nilirudi nyumbani bila kubisha kwake. Nimejiambia huenda anawabembeleza watoe dizeli wao wenyewe bila masharti. Nimejiambia atanieleza Jumamosi. Jirani yangu Aoko aliniuliza kama nina homa.

Jumatatu, 29 Julai

Jike amekufa.

Mwanzia alipiga mchana. Amemkuta karibu na birika la mbuzi, mabawa wazi, kucha zimejikunja. Pembeni mguu wa mbuzi uliopakwa dawa ya zambarau, ile ya wadudu wa mashambani. Mbwa wa jirani naye amekufa, na kunguru kadhaa.

Nikapiga kelele, nani? Nani amefanya hivi? Akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Unaniuliza mimi? Si mlikubaliana?"

Nikamuuliza nani alikubaliana na nani. Laini ikakatika. Nurto alipopokea tena alisema mzee ameshaondoka.

Jumanne, 30 Julai

Rispa amenipigia yeye mwenyewe, kabla sijampigia. Amesikia, asema. Anasikitika sana. Amesema kwa sasa tusitaje sumu kwa wanachama, tuseme ni ugonjwa, mpaka tujue vizuri.

Nikamuuliza amesikia kutoka kwa nani. Akasema habari husafiri.

Habari za kwetu husafiri kwa simu ya Nurto na kwa mdomo wa kaka yangu. Hakuna njia ya tatu isipokuwa Landrova.

Jumamosi, 3 Agosti

Niko nyumbani, naandika kwenye kitanda cha Mama wakati bado kuna mwanga.

Wamemzika jike. Mwanzia alimzika mwenyewe, nyuma ya zizi, akapanga mawe juu ili fisi wasimfukue na wao wakafa. Alinionyesha mahali. Aliniachia unyoya mmoja wa bawa kwenye dirisha. Sijaugusa.

Pampu inafanya kazi. Niliisikia kabla sijaiona nyumba, tu-tu-tu-tu, na watoto wakinawa miguu pale kwenye bomba. Nikaelewa kabla ya kuambiwa. Nusu nikaelewa.

Nusu nyingine amenieleza Mwanzia, tumekaa jikoni kwa Mama, yeye akichonga mpini wa jembe asiniangalie.

Mwalimu Rispa alikuja siku ya Ijumaa, mwezi uliopita, na Irungu. Wakaitisha kamati tu, si kijiji. Akawaambia mambo yamebadilika: klabu itarudi, dizeli itarudi, na chama sasa kinashirikiana na klabu. Mzee mmoja akauliza, na tai? Rispa akajibu kwamba tai atakamatwa na wavu na kuhamishiwa mbugani, salama, yeye na mtoto wake. Mwanzia akauliza kama mimi najua.

"Akasema nini?" nilimuuliza.

"Akasema yeye na wewe mmekubaliana. Kwamba wewe umeona haya kuja kutuambia mwenyewe, baada ya maneno yako ya kwanza."

Alichonga kidogo. Halafu akasema kwamba Mama ndiye aliyemaliza ubishi. Alikuwa amewapelekea chai. Alisema kama Muthoki amekubali, basi ipo sababu.

Kwa hiyo wakakubali. Na kwa sababu nimekubali mimi, Mwanzia akawapandisha kilimani mwenyewe, akawaonyesha mgunga, akawaonyesha birika ambapo jike hunywa maji. Irungu alikuwa na mtu wake wa kuangalia mbwa, huyo ndiye aliyekuwa akiuliza maswali mengi. Wavu haukuja. Ilikuja dawa.

Nilimwambia kaka yangu sikujua. Niliapa. Aliniangalia mara ya kwanza tangu nifike.

"Mimi nilikuona mwongo," alisema. "Nimekuona mwongo wiki mbili nzima. Nimekutukana kwa watu."

Hakuomba msamaha na sikutaka aombe. Mama alikuwa mlangoni na sufuria, amesikia yote. Akasema tule kwanza.

Jumapili, 4 Agosti

Tulipanda asubuhi. Dume bado yupo! Alikuja na sungura, akambwaga pale kiotani, akaondoka. Akarudi na kitu kingine, akaweka juu ya kile cha kwanza. Nyama imerundikana, nzi wamejaa. Kinda amekaa katikati ya chakula akilia. Anainua kichwa, anafungua mdomo, anangoja mtu amkatie. Hajui kurarua. Kazi hiyo ilikuwa ya mama yake.

Mwanzia aliomba darubini. Hajawahi kuiomba. Aliangalia muda mrefu, akanirudishia, akateremka mbele yangu bila kuningoja.

Nimerudi Nairobi. Nimeosha nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumanne, 6 Agosti

Nimetoka kwa Rispa. Ngoja niandike sasa, kabla sijaanza kuyalainisha maneno.

Nilifika moja kwa moja kutoka kazini. Alikuwa anasahihisha mitihani mezani. Alinyanyuka kunikumbatia, nikabaki nimesimama, naye akajua. Akaondoa madaftari kwenye kiti akaniambia nikae. Sikukaa.

Nilimuuliza swali moja tu. Kwa nini alitumia jina langu.

Hakukana. Hilo ndilo liliniumiza zaidi, nilikuwa nimejiandaa kumshika kwenye uongo. Alivua miwani akasema ukweli wote kama mtu anayesoma matokeo. Wafadhili walikataa dizeli tangu mwanzo; alijua kabla hatujaenda kwenye ule mkutano. Alidhani atapata kwingine. Hakupata. Ndipo Irungu akamletea pendekezo. Klabu iachiwe kilima chetu, na yenyewe itaahidi hadharani kutomgusa tai wala mwewe yeyote katika maeneo yake mengine yote, Kajiado mpaka Laikipia. Na itatupa Landrova ya zamani kwa kazi ya kuokoa ndege.

"Kilima kimoja, Muthoki," alisema. "Kiota kimoja. Huko kwingine wanawatilia sumu kila msimu na hakuna anayeona. Nilipima nikaona kimoja kwa vyote."

"Ulipima cha kwetu."

"Ndicho kilichokuwa mkononi."

Alisema pia kwamba aliamini habari ya wavu. Nafikiri hapo hasemi uongo. Lakini nilimuuliza, ulipojua wamemuua kwa sumu, mbona ukaniambia tuseme ni ugonjwa? Akageukia dirishani. Nje bundi wake alikuwa anagongagonga kizimba.

Halafu akasema angeniuliza ningekataa. Eti ndiyo sababu hakuniuliza. Alisema kama anayenisifu! Kwamba mimi nina moyo, yeye ilimbidi awe na kichwa.

Nilimwambia habari ya kinda. Hapo uso wake ulibadilika, sijui kuueleza. Aliuliza mara moja kama dume analeta. Nikasema analeta. Akahesabu wiki kwa vidole, midomo inacheza. "Dume halishi kwa mdomo," alisema. "Ataleta mpaka achoke. Huyo ana siku chache tu."

Nikasema basi twende, kesho, mimi na wewe. Akashika miwani yake akaigeuza geuza. Akasema kilima sasa kiko mikononi mwa klabu, na ahadi haitasainiwa mpaka siku ya sherehe yetu. Akienda kupanda kiota bila ruhusa ya Irungu, na jike amekufa kwa sumu, itaonekana ni uchunguzi. Ataomba ruhusa. Atampigia Irungu wiki hii, apate nafasi nzuri ya kusema naye.

Apate nafasi nzuri.

Mwanamke aliyepanda ngazi na sketi ya kanisani kwa ajili ya mwewe wa mitaani.

Nilitoka. Aliniita mara mbili kutoka mlangoni, majirani wakatazama. Nilitembea mpaka Kaloleni kupitia Makadara, sikumbuki hata nilivyovuka barabara.

Jumatano, 7 Agosti

Sikwenda kazini. Nimesema ni malaria.

Alhamisi, 8 Agosti

Bwana Otiende alikuja na karatasi ya mpango wa sherehe. Irungu ni mgeni wa heshima. Mimi nimewekwa kutoa shukrani "kwa niaba ya jamii ya kilimani". Aliyeniweka ni Rispa, kabla ya Jumanne.

Nilimweleza mzee yote. Alisikiliza vizuri, mikono juu ya fimbo. Kisha akasema ni jambo la kusikitisha, lakini chama hakijawahi kuwa na gari. Miaka yote hii tunabeba ndege kwenye kapu. Akasema nimsamehe mwenzangu, nisome zile shukrani, maisha yaendelee.

Nilimpa chai. Hakuna alichokosa kwangu cha heshima. Lakini alipoondoka niliikunja ile karatasi nikawashia jiko.

Kwa hiyo wote walikuwa tayari kwa biashara hii. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nadhani tunalinda ndege.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimempigia Mwanzia kupitia kwa Nurto. Nurto alimtuma mtu, nikangoja kwenye kibanda cha simu pale posta huku foleni ikinilaani.

Nilimwomba amteremshe kinda. Alinikatalia. Alisema mgunga ule una miiba kama misumari, na dume atamng'oa macho, na walinzi wa klabu wamepiga hema chini tangu Jumatano kwa sababu msimu umeanza. Bunduki zinalia kuanzia alfajiri. Alisema pia kwamba hayo yote yameletwa na watu wangu wa Nairobi, yeye amechoka kuwa mkono wao.

Nikamwambia sio watu wangu.

Akauliza, "Kama si wako, ni wa nani?"

Sarafu ikaisha.

Jumapili, 11 Agosti

Sikwenda kanisani. Nilikuwa nafua pale nje mchana huu Aoko akaniita: kuna mgeni wako hapa na mzigo unaolia.

Mwanzia. Shati limechanika begani mpaka kiunoni, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa cha Mama, damu imekauka. Amebeba boksi la sabuni lililotobolewa matundu. Amekuja nalo kwenye lori la makaa kutoka Sultan Hamud, limefunikwa na koti lake. Hakusalimia. Aliliweka mezani akasema, "Hajala tangu nimteremshe jana. Nilijaribu. Anatema."

Alipanda jana wakati walinzi wamekwenda kubeba kanga waliopigwa. Dume alimshukia mara mbili. Alinieleza hayo kama mtu anayeeleza alivyotengeneza ua, huku nikimwosha jeraha. Ndani kabisa, karibu na mfupa. Hataki hospitali leo.

Tulifungua boksi. Jamani. Ni mkubwa kuliko kuku lakini hana uzito. Manyoya ya kitoto, na ya kweli meusi yanachungulia mabawani. Macho yamezama. Nilikata maini vipande vidogo vidogo, nikampa kwa kibanio cha nyusi. Alikishika kimoja, kikadondoka. Cha pili akatema, na ute. Kichwa kikalala pembeni.

Nilijaribu maji. Nilijaribu kumpasha joto na chupa. Mwanzia alisimama ananiangalia mikono, na mimi najua mikono yangu. Nimemshikia mtu mwingine taa miaka tisa, sijawahi kuokoa hata mmoja peke yangu.

Mtu anayeweza yuko Buruburu.

Mwanzia alijua nawaza nini. Alisema afadhali afe hapa mezani kuliko kumpelekea yule mwanamke. Nikasema afadhali kwa nani? Tukagombana, kwa Kikamba, sauti chini kwa sababu ya majirani. Mwishowe akakaa kitandani akaufunika uso wake kwa mkono ule mzima. Nami nikaenda kwenye kibanda cha simu.

Sikumsalimia. Nilisema, "Kinda yuko kwangu. Anatema." Nikaweka chini.

Amefika upesi kuliko nilivyodhani. Ana mkoba wake, glavu zake, nyama iliyosagwa pamoja na mifupa kwenye mkebe. Hakuuliza jinsi alivyotoka kilimani. Aliuliza alikula lini mara ya mwisho, akauliza kinyesi kina rangi gani, akavua saa yake akaiweka kando. Alipiga magoti sakafuni kwangu, akaweka matone ya maji na chumvi ndani ya koo, akangoja, akaweka tena. Kisha kipande. Kinda akameza.

Kingine. Akameza.

Nimekuja huku chumbani na daftari hili kwa sababu sikuweza kuendelea kuangalia. Si kwa hasira. Nilikuwa naanza kumpenda tena, hapo hapo, kwa ajili ya mikono yake, na nikaogopa.

Nawasikia. Rispa anamwambia Mwanzia kwamba kinda ataishi, lakini lazima alishwe kila baada ya muda mfupi, na awe na mwanga na kizimba. Lazima aende Buruburu leo. Mwanzia amemuuliza akishapona atapelekwa wapi. Amemuuliza pia kama Irungu ataambiwa.

Nasikia Rispa akivua glavu zake.

Sasa amejibu. Amesema Irungu atajua tu, na kwamba huenda ikawa vizuri aonekane siku ya sherehe, watu waone klabu na chama wamemwokoa pamoja. Hilo lingewabana watimize ahadi. Ameeleza vizuri. Yeye hueleza vizuri daima.

Nimesikia miguu ya meza ikisogea.

"Muthoki wangu," ananiita Rispa. "Njoo tuamue."

Nimechungulia. Amesimama na mkoba begani, amenyoosha mikono yote miwili. Boksi amelikumbatia Mwanzia kifuani, juu ya kile kitambaa chenye damu, mgongo ameuegemeza mlangoni. Hamwangalii yeye. Ananiangalia mimi. Na ndani ya boksi, kwa mara ya kwanza tangu lifike, kuna sauti yenye nguvu — anadai chakula kingine.